Kamati inataka hojaji, watu ninaowachunguza walishakufa

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma shahada ya uzamivu katika historia. Mada yangu ni jinsi watu wa karne ya 18 na ya 19 walivyoandika kuhusu ndui katika barua walizotumiana: wazazi waliofiwa na watoto, madaktari, wafanyabiashara waliohofia mali yao kuzuiliwa bandarini. Barua nimezikusanya kwenye hifadhi za nyaraka, na baadhi nimezipata kwenye vitabu vilivyochapishwa.

Mwezi uliopita niliwasilisha pendekezo langu la utafiti. Wajumbe wengi wa kamati wanatoka sayansi asilia na tiba. Wakaniuliza nadharia tete yangu, yaani dhana ninayotaka kuipima, iko wapi. Wakaniuliza sampuli nimeipataje na inawakilisha watu gani. Kisha wakataka kujua kama mtu mwingine akiirudia kazi hii atapata matokeo yaleyale. Nilibabaika. Mjumbe mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba haya ni mambo mazuri ya kusoma wakati wa mapumziko lakini si utafiti. Nimerudishiwa fomu niijaze upya, na nimeshauriwa niongeze hojaji "ili kazi ipate data". Hojaji nimpe nani, Mwalimu, na watu wangu wote wako kaburini?

Msimamizi wangu anasema nikubali tu, niwahoji watu wa leo kuhusu chanjo, mambo yaishe. Kaka yangu ni mtafiti wa fizikia. Jina lake limo kwenye makala chungu nzima, mimi sina hata moja, na tukikaa pamoja huniuliza kazi yangu itamponya nani. Hanidhihaki, anauliza kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma. Nimeanza kuwaza kuhamia afya ya jamii, nifanye kitu chenye takwimu. Nihame? Na nisipohama, fomu ile niijazeje bila kudanganya?

Mtafiti Aliyekwama

*

Marahaba mwanangu.

Usihame, walau si kwa sababu hii. Mtu huhama fani pale maswali yanayomkosesha usingizi yanapokuwa ya fani nyingine. Fomu iliyotungwa na watu wa fani nyingine si sababu. Na hojaji usiiweke. Kuwauliza watu wa leo kuhusu chanjo ni utafiti mzuri, ila ni utafiti mwingine. Ukiushonea kwenye wako utakuwa na kazi mbili, zote nusu, na mtahini wa nje atakiona kiraka hicho mapema sana.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kamati imekuonea. Maswali waliyokuuliza ni ya haki. Yaliulizwa kwa lugha ya maabara tu, nawe ukayasikia kama mlango unaofungwa. Kila mtafiti, awe anakaa na darubini au na makaratasi yaliyoliwa na mchwa, anadaiwa mambo hayohayo: anataka kujua nini, ushahidi ameupata na kuuchagua vipi, na msomaji asiyemwamini ataukagulia wapi. Namna ya kulipa deni hilo ndiyo inayotofautiana, na inatofautiana kwa sababu vitu vyenyewe vinavyochunguzwa havifanani. Virusi havibadili tabia vikijua vinatazamwa. Mama aliyeandika barua mwaka 1750 hawezi kuitwa aulizwe upya.

Una bahati kwamba umechagua ndui. Sidhani kuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi jinsi maarifa yalivyotoka pande nyingi. Chukua barua ambayo bila shaka unayo, ile ya Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, yenye tarehe 1 Aprili 1717, iliyoandikwa Adrianople katika dola ya Uthmaniya. Anamweleza rafiki yake wa Uingereza jinsi watu wa huko walivyoambukizwa ndui makusudi ili waugue kidogo wapone. Joto likishapungua, mwezi Septemba, familia huulizana nani ana mtu anayetaka kuipata. Hukusanyika watu 15 au 16 hivi. Anakuja bibi kizee na ganda la kokwa lililojaa usaha wa ndui, anauliza ufunguliwe mshipa upi, anauchana kwa sindano kubwa, anatia kiasi cha kukaa kwenye kichwa cha sindano, kisha anakifunika kidonda kwa kipande cha ganda tupu.

Wape watafiti mbalimbali barua hiyo uone. Mtaalamu wa kinga ya mwili ataangalia kiasi kile kidogo na njia kilimopitia, kwenye ngozi badala ya pumzi, maana hapo ndipo ilipo siri ya ugonjwa kuwa mwepesi. Mtakwimu atataka kujua walichanjwa wangapi, wakafa wangapi, na atasikitika kwamba barua inasema tu kwamba maelfu huchanjwa kila mwaka na hakuna aliyewahi kufa, bila hesabu yoyote ya kukagua. Mwanaanthropolojia atabaki na yule bibi kizee: kwa nini kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, walifundishwa na nani, watu waliwaamini kwa lipi?

Na mwanahistoria, yaani wewe, utauliza jambo ambalo hakuna kati yao atakayelifikiria kwanza: hii ni barua kweli? Barua za Lady Mary za safari ile zimetufikia kupitia nakala alizoziandaa mwenyewe baadaye, akizipanga na kuzinyoosha ili zisomwe na watu, nazo zilichapishwa mwaka 1763, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hiyo hatuna hakika kwamba kila sentensi ndiyo iliyotumwa kwa rafiki yake siku ile. Tena aliyeandika alikuwa amefiwa na kaka yake kwa ndui mwaka 1713, na yeye mwenyewe akaugua mwaka 1715 akabaki na makovu usoni. Haandiki kama mpita njia. Kuyajua hayo ni sehemu ya kuupima ushahidi, sawa na mwanakemia anavyohakikisha mizani yake haidanganyi kabla hajapima chochote. Ukiweza kuieleza kamati hivyo, kwa barua moja mkononi, hakuna atakayerudia maneno ya kusoma wakati wa mapumziko.

Twende Boston, mwaka 1721. Ndui imeingia mjini na daktari Zabdiel Boylston anaanza kuchanja. Takwimu za tukio hilo ni mashuhuri, na zinastahili: kati ya watu 240 hivi aliowachanja walikufa 6, ilhali kati ya karibu 6,000 waliougua wenyewe walikufa zaidi ya 800. Hiyo ni tofauti ya karibu watu 2 au 3 kwa mia dhidi ya 14 kwa mia, na bila hesabu hiyo Boylston angebaki mtu jeuri aliyejaribu bahati. Lakini aliyemsukuma ni mhubiri Cotton Mather, na Mather alikuwa amelisikia jambo hili kwa Onesimus, Mwafrika ambaye Mather alimweka utumwani, naye akamweleza kwamba kwao watu huchanjwa hivyo, na kwamba yeye mwenyewe alichanjwa. Tunajuaje? Kwa sababu Mather aliliandika kwenye barua mwaka 1716, na barua ikahifadhiwa. Onesimus hayumo kwenye jedwali la vifo wala kwenye kirusi. Yumo kwenye makaratasi tu, tena kwa maneno ya mtu aliyemmiliki, na kumtoa humo bila kumzulia maneno ni kazi ngumu inayotaka mafunzo ya miaka. Mafunzo hayo ndiyo unayoyapata sasa.

Na kaka yako? Mwambie habari za Daniel Bernoulli. Yeye anamjua kwa kanuni ya mtiririko wa vimiminika, ile ya mwaka 1738. Bernoulli huyohuyo, aliyesomea udaktari, aliwasilisha mjini Paris mwaka 1760 hesabu ya faida ya kuchanja ndui, akaonyesha kwamba kama watu wote wangechanjwa, wastani wa umri wa kuishi ungepanda kutoka takriban miaka 26 na nusu hadi karibu 30. Ni kazi nzuri mno, nayo huhesabiwa miongoni mwa chimbuko la hisabati ya magonjwa. Mwanahisabati mwenzake d'Alembert hakupinga kuchanja, ila aliona hesabu ile imeruka jambo. Hatari ya kufa kwa kuchanjwa iko mwezi huu. Faida imetawanyika kwenye miaka mingi ijayo. Mtu hazipimi hizo mbili kwa mizani moja, na kanuni peke yake haiwezi kumlazimisha.

Basi mzazi alizipima vipi? Hapo ndipo wanahisabati wale wawili walipofikia kikomo, na hapo ndipo barua zako zinapoanzia. Una watu waliokaa usiku na uamuzi huo, wakaandika walichoogopa, waliyemshauri, waliyemlaumu. Swali la d'Alembert liko hai hadi leo kila mzazi anaposita mbele ya sindano, na hapo anasita mtu mwenye hofu zake na watu wake, wastani hausiti. Kaka yako akiuliza utamponya nani, mjibu kwa heshima kwamba kazi yako haiponyi. Inaeleza kwa nini watu hukubali au hukataa kuponywa, na wanaotengeneza dawa hushindwa mara nyingi hapohapo.

Ongezea na hili. Chanjo ya daktari Mwingereza Edward Jenner, iliyotumia ugonjwa wa ng'ombe badala ya ndui yenyewe, ilianza mwaka 1796, lakini Shirika la Afya Duniani lilitangaza kutokomezwa kwa ndui mwaka 1980, baada ya mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida kupatikana Somalia mwaka 1977. Chanjo iliyokaushwa isiyoharibika kwa joto na sindano yenye ncha mbili zilisaidia sana, na ni matunda ya maabara. Ila wafanyakazi wa kampeni ilibidi pia waende sokoni na shuleni na kadi yenye picha ya mgonjwa, wakiuliza nani amemwona mtu wa namna hii. Na huko Afghanistan na Ethiopia walikuta, ndani ya miaka ya 1970, watu ambao bado walikuwa wakichanja kwa usaha wa ndui yenyewe, kazi ileile ya bibi kizee wa Adrianople. Kushughulika na watu hao hakukutaka darubini. Kulitaka mtu anayejua kuuliza na kusikiliza.

Wakati mwingine nyaraka na maabara hukutana kwenye kitu kimoja kabisa. Jenner aliandika mwaka 1798 kwamba ugonjwa wa ng'ombe aliotumia kwa chanjo ulianzia kwa farasi. Wengi hawakulikubali. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba wa chanjo ya ndui iliyotengenezwa Marekani mwaka 1902 na kuhifadhiwa, wakakuta kirusi kilichomo kinakaribiana mno na cha ndui ya farasi. Aliyesoma Jenner kwa makini alikuwa na swali tayari, mwenye mashine akaleta ushahidi ambao Jenner asingeweza kuupata. Napenda sana mfano huu, kwa sababu hakuna upande uliolazimika kuvaa nguo za mwenzake.

Sasa fomu. Penye "nadharia tete" usipaache wazi, na usitunge nadharia ya uongo. Andika maswali yako ya utafiti, kisha andika hoja unayoielekea kwa sasa, halafu, hili ni muhimu kuliko yote, andika ni ushahidi gani ukiukuta utakufanya uiache. Kwa mfano: "Naelekea kuona kwamba wazazi waliandika juu ya kuchanja kama suala la lawama kuliko suala la hatari. Nikikuta kwamba barua nyingi za kabla ya uamuzi zinajadili hatari, na lawama inajitokeza tu baada ya kifo, hoja hii itabidi ibadilike." Mwanasayansi yeyote makini ataitambua roho ya jambo hilo hata kama umbo lake ni geni kwake.

Penye "sampuli" eleza mkusanyo wako: hifadhi zipi, kwa nini hizo, miaka ipi, lugha zipi, barua zipi umeziacha na kwa kigezo gani. Halafu sema wazi ni nani hayumo. Wasiojua kuandika hawamo. Waliojua kuandika ambao barua zao zilichomwa kwa hofu ya maambukizi hawamo. Watumishi wamo wanapotajwa na mabwana zao tu. Usijaribu kudai kwamba barua zako zinawakilisha watu wote wa karne mbili, maana haziwakilishi, na hapo kamati ilikuwa sahihi kukubana. Toa jedwali pia: barua ngapi kwa kila muongo, ngapi za wanawake, ngapi zimeandikwa kabla ya uamuzi wa kuchanja na ngapi baada yake. Wapo watu wa insia, yaani fani kama historia, fasihi na falsafa, wanaoiona tarakimu kama kujishusha. Usiwafuate. Kuhesabu unapoweza kuhesabu ni adabu kwa msomaji.

Penye kurudia matokeo, kaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ulipobabaika. Ukaguzi wa kazi yako umo kwenye tanbihi: jina la hifadhi, namba ya kasha, namba ya karatasi, maneno yenyewe kwa lugha ya asili kando ya tafsiri yako. Mtu yeyote anaweza kuirudia njia yako hadi kwenye karatasi ileile. Anaweza kuisoma tofauti, na mkibishana mtakuwa mnabishana juu ya ushahidi mmoja mbele ya wote.

Wakisema hiyo si sayansi, wakumbushe kwa utulivu kwamba sayansi yenyewe si kitu kimoja. Mtaalamu wa volkano hawezi kuamuru mlima ulipuke tena, anasoma majivu. Wanaastronomia wanajua mwaka ilipoonekana nyota iliyolipuka na kuacha wingu liitwalo Crab Nebula, mwaka 1054, kwa sababu waangalizi wa anga wa China waliandika kwamba wamemwona mgeni angani. Na hata penye majaribio kurudia si jambo jepesi: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu zilikuwa 36 hivi kwa mia, ilhali za awali zilikuwa 97 kwa mia. Usilitaje hilo kwa kuwasuta. Watu wa saikolojia walijikagua hadharani, na wachache wana ujasiri huo. Litaje ili ieleweke kwamba kila fani inahangaika na uhakika kwa njia yake.

Kuhusu makala za kaka yako, usijipime nazo kabisa. Mwaka 2015 makundi mawili yanayofanya kazi kwenye mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, yalitoa makala moja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, nyingi zilikuwa majina ya watu na taasisi zao. Si ulaghai, ndivyo kazi ile inavyofanyika, maana hakuna mtu anayeweza kujenga mtambo ule peke yake. Katika historia mtu mmoja hukaa miaka na makasha, akatoka na kitabu. Kuhesabu makala za hawa na hawa kwenye safu moja hakupimi chochote. Mwaka huohuo wa 2015, wataalamu wa vipimo vya utafiti walichapisha katika jarida la Nature waraka uitwao Leiden Manifesto, na mojawapo ya kanuni zake 10 ni kwamba tathmini lazima izingatie tofauti za fani katika kuchapisha na kunukuu. Chapa ukurasa huo, uambatishe na fomu. Hoja hiyo ikitoka kwa watu wanaohesabu kwa kazi, kamati yako itaisikiliza zaidi kuliko ikitoka kwako.

Msimamizi wako nadhani amechoka na vikao, na anataka upite. Simlaumu, ila usiende kwenye kamati kabla hujakaa naye. Mpelekee fomu iliyojazwa namna hii, umwombe akubaliane nawe kwa maandishi kwamba hojaji haimo. Mwanafunzi na msimamizi wakisema mambo mawili mbele ya wajumbe, mwanafunzi ndiye anayeumia.

Yule mjumbe aliyekuambia habari za mapumziko, mtafute mapema, ofisini kwake, peke yenu. Usiende kumshawishi. Mwombe dakika chache asome barua mbili unazoziona kuwa ngumu, kisha muulize angetaka kujua nini kuzihusu. Akiwa daktari atauliza mambo ya dalili ambayo huenda umeyapita bila kuyaona, nawe utayahitaji kwenye sura zako. Kikao kijacho kikifika na bado wanang'ang'ania hojaji, omba sababu ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na uombe kazi yako isomwe na mtahini mmoja wa historia ya tiba kutoka nje. Ombi hilo liwe la barua, na nakala yake ubaki nayo.